Yocto: amua faili zitakaa wapi kabla ya kujenga

Wengi wanaotaka kuweka Linux ndani ya kifaa chao huanza na mfumo uliokwisha tengenezwa, kama Raspberry Pi OS, kisha wakaongeza na kupunguza vifurushi kwa mkono hadi kifaa kifanye kazi wanayoitaka. Kwa kifaa kimoja cha majaribio njia hiyo inatosha. Vikiwa hamsini, na vyote vinatakiwa kufanana leo na kuweza kutengenezwa upya miaka mitatu ijayo, njia inayostahili taabu yake ni Yocto Project, mradi ulioanzishwa mwaka 2010 chini ya Linux Foundation. Yocto hujenga kila kitu kutoka kwenye msimbo chanzo: kompaila, maktaba ya C, kerneli, hadi imeji nzima ya kuandikwa kwenye kadi. Hapa naeleza ninavyoandaa kompyuta kwa kazi hiyo, nikitumia toleo la 5.0 liitwalo Scarthgap, ambalo lilitoka Aprili 2024 na litaendelea kupata marekebisho hadi Aprili 2028.

Kompyuta iwe na Linux, RAM ya GB 16 ikiwezekana, na nafasi ya GB 150 kwenye diski ya SSD yenye ext4, mfumo wa faili wa Linux. Diski ya NTFS, mfumo wa faili wa Windows, haifai, kwa sababu kazi hii inategemea ruhusa za faili na viungo vya Linux. Anayetumia WSL2, yaani Linux ndani ya Windows, aweke kila kitu ndani ya diski ya Linux yenyewe, si chini ya /mnt/c. Fanya kazi kama mtumiaji wa kawaida, kwani BitBake, programu inayoendesha ujenzi wote, hukataa kuanza ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Inadai pia lokali (mpangilio wa lugha) ya en_US.UTF-8 iwepo. Aliyeweka kompyuta yake kwa Kiswahili, iwe sw_TZ au sw_KE, hana haja ya kuibadilisha. Aitengeneze hiyo nyingine kwa locale-gen, zikae pamoja. Ubuntu 24.04 imeleta zuio la AppArmor, kinga ya usalama ya Linux, linaloigusa njia ambayo BitBake hutumia kuzinyima mtandao hatua zote zisizo za kupakua, na zuio hilo lisipolegezwa ujenzi hauanzi. Kwa sababu hiyo kompyuta yangu ya kazi bado ina 22.04.

Baada ya kusakinisha vifurushi vilivyotajwa katika mwongozo wa mradi, pakua poky, mkusanyiko wa Yocto wa kuanzia wenye BitBake ndani yake, na ufungue folda ya ujenzi:

git clone -b scarthgap git://git.yoctoproject.org/poky
source poky/oe-init-build-env jenga

Amri ya pili huunda conf/local.conf na conf/bblayers.conf, na hapa ndipo ninapowasihi watu wasikimbilie kujenga. Usipobadilisha chochote, faili zinazopakuliwa na hifadhi ya kazi zilizokwisha kamilika vyote hukaa ndani ya folda hiyohiyo ya ujenzi, na siku utakapoifuta ili uanze upya, vinakwenda nayo. Kwa mtu anayenunua bando, huo ni mzigo mzito: msimbo wa kerneli na wa GCC peke yake si mdogo, na resipi (faili za maelekezo ya kujenga kila programu) zinazohitajika hata kwa imeji ndogo ni nyingi. Kwa hiyo mistari hii huingia kwenye local.conf kwanza:

DL_DIR = "/data/yocto/downloads"
SSTATE_DIR = "/data/yocto/sstate"
INHERIT += "rm_work"
BB_NUMBER_THREADS = "4"
PARALLEL_MAKE = "-j 4"

Folda mbili za juu ndizo mali yenyewe. Nyingine zote, isipokuwa conf yenye mistari yako, zinaweza kufutwa na kuzaliwa upya. rm_work huondoa mabaki ya kila resipi ikishajengwa, na hiyo huokoa nafasi kubwa sana. Mistari miwili ya mwisho ni ya kompyuta yenye RAM ndogo: bila kuiandika, BitBake huendesha kazi nyingi sawa na idadi ya viini vya prosesa, na kumbukumbu ikijaa kerneli huiua kompaila katikati ya kazi, ukabaki unatafuta kosa ndani ya msimbo usio na kosa lolote.

Kisha tenganisha kupakua na kujenga:

bitbake core-image-minimal --runall=fetch

Amri hii hupakua tu. Iache usiku bando likiwa nafuu, au ipeleke kompyuta penye mtandao mzuri. Ikimaliza, weka BB_NO_NETWORK = "1" na ujenge bila intaneti kabisa. Umeme ukikatika, rudia amri ileile. Hatua zilizokamilika hazirudiwi. Ujenzi wa kwanza ufanye kwa qemux86-64, yaani kompyuta ya kuigiza, na uijaribu imeji kwa runqemu, amri inayoiwasha, ili ujue kompyuta iko sawa kabla ya kuingiza bodi halisi ya kifaa.

Kwa Raspberry Pi 4 ondoa mstari wa BB_NO_NETWORK, pakua leya (mkusanyiko wa resipi na mipangilio) ya meta-raspberrypi katika tawi lilelile la scarthgap, iongeze kwa bitbake-layers add-layer, uweke MACHINE = "raspberrypi4-64", kisha urudie kupakua, kwa kuwa bodi hii ina kerneli yake. ENABLE_UART = "1" hukupa konsoli kupitia waya wa siriali, na pasipo skrini hakuna njia nyingine ya kuona bodi inakwama wapi. Unapoongeza kifurushi, mfano dropbear (programu ndogo ya kuingia kwenye kifaa kupitia mtandao), angalia nafasi iliyo baada ya alama ya kufungua:

IMAGE_INSTALL:append = " dropbear"

Bila nafasi hiyo jina huungana na la kifurushi kilichotangulia, na BitBake hulalamika juu ya kitu ambacho hukukiandika.

Mabadiliko yako yote yaweke katika leya yako mwenyewe, ndani ya git, wala usiguse poky. Na kabla bodi haijatoka mezani kwako, ondoa debug-tweaks kwenye EXTRA_IMAGE_FEATURES. Katika Scarthgap imewekwa tangu mwanzo, nayo humruhusu yeyote kuingia kama root bila nywila.