Siku yangu moja kwenye banda la rangi

Saa 1 asubuhi, Tabata. Kabla ya chai namwaga maji yaliyojikusanya kwenye tangi la kompresa. Kazi ya leo ni Noah iliyogongwa ubavuni: mlango mmoja na fenda, puti ya kuzibia mabonyeo ilishakauka jana.

Mpaka saa 4 ni msasa tu. Tunapiga msasa wa maji, na si kwa ajili ya ulaini peke yake. Gari hili limeshapakwa rangi zaidi ya mara moja, na rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Vumbi likilowa halipandi puani. Dogo anayejifunza kazi analalamika vidole vinajikunja. Glavu zipo, hataki kuvaa.

Saa 5, praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Kwanza naenda kwa mama ntilie wa jirani. "Shikamoo mama, samahani, tunaanza kupuliza." Anajua, anahamishia jiko la mkaa upande wa pili wa ukuta. Mvuke wa thina, ya kuyeyushia rangi, ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai, unatambaa chini mpaka ukutane na moto.

Saa 8, tukishakula na rangi imeshalala, ndiyo saa yenyewe: kliya, ile ya juu kabisa inayong'arisha. Kliya unaichanganya na hadna, dawa ya kuikausha iwe ngumu, hii yetu kliya mbili kwa hadna moja, na ndani ya hadna kuna kemikali za isosayaneti. Thina inajitangaza: kichwa kinagonga, macho yanawasha. Isosayaneti zinaweza kuwa zimeshafika kiwango cha kukudhuru na pua haijasikia kitu. Fundi anayekwambia "leo hewa safi, sisikii harufu" simwelewi kabisa. Zinaleta pumu, na mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo sana kinabana kifua. Kaka mmoja niliyejifunza naye alianza na kikohozi cha usiku. Akipumzika kinatulia, akirudi kazini nacho kinarudi. Sasa anauza vipuri, na akiona mtu anapuliza kliya anavuka barabara.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, wala ile ya vumbi. Yangu ina filta mbili za mkaa, na ndevu nanyoa, maana zikiwepo barakoa haishiki uso. Bora zaidi ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Gereji kubwa wanazo, sisi bado. Kazi ikiisha filta naziweka kwenye kopo lenye mfuniko, kwa sababu zikiachwa wazi zinaendelea kunyonya mvuke na zinakufa bure.

Saa 10 nimemaliza tabaka la mwisho la kliya. Barakoa sivui humu ndani. Ukungu hauonekani lakini upo. Natoka nje nayo usoni. Dogo ananipa pakiti ya maziwa, ile dawa ya mafundi wote wa zamani. Nakunywa kwa njaa tu. Maziwa yanaenda tumboni, ulichokivuta kiko mapafuni.

Saa 11 naosha bunduki ya rangi. Dogo ananyoosha mkono kwenye thina anawe. Namsogezea mafuta ya kula na sabuni. Thina inakausha ngozi mpaka inapasuka. Ovaroli inabaki hapa, haiendi nyumbani kwa watoto.

Mwenye Noah kaja kuangalia, anasoma bei.

"Filta ya nini tena fundi? Injini haina tatizo."

"Ya pua yangu, bosi."

Kacheka, kalipa, kisha kaomba nimpunguzie elfu tano kwenye puti.