Umehamia ugenini? Tazama nchi ya akaunti kabla ya kununua gemu

Hela nyingi hupotea hivi: mtu anafika nchi mpya, ananunua vocha ya gemu dukani, anaiingiza kwenye akaunti yake ya zamani, inakataa. Vocha ni halali, akaunti ni nzima, ila hazisomi nchi moja. Mwingine anafanya kinyume chake. Anajaza salio nono wiki moja kabla ya safari, akifika ndiyo anajua kwamba duka lake halihamishi salio.

Kila duka la gemu za kupakua linafuata nchi iliyoandikwa kwenye akaunti. Nchi hiyo ndiyo inayoamua bei, kodi, kadi zinazopokelewa na gemu zinazoonekana. Steam, duka la gemu za kompyuta, kwa mfano, nchini Ujerumani imeacha kuonyesha gemu zisizo na alama ya umri wa mchezaji tangu Novemba 15, 2024. Kwa hiyo, kabla ya kuweka hata senti kwenye pochi ya duka, amua kwanza: akaunti inabaki nchi ya zamani au inahama?

Steam ndiyo nyepesi. Ukiwa tayari kwenye nchi mpya, ingia kwenye maelezo ya akaunti. Chaguo la kubadilisha nchi hujitokeza duka likiona umeunganishwa kutoka kwingine. Kinachokamilisha mabadiliko ni manunuzi yanayolipiwa kwa njia ya malipo ya nchi hiyo mpya. Salio lililobaki hugeuzwa kuwa sarafu mpya. Huruhusiwi kubadilisha zaidi ya mara moja ndani ya miezi 3, kwa hiyo mtu wa safari ya wiki 2 aiache ilivyo. Kutumia VPN (programu inayoficha nchi uliyopo) ili kuvizia bei ya nchi nyingine ni kuvunja mkataba wa Steam, na akaunti yenye gemu za miaka kumi si kitu cha kuchezea kwa ajili ya punguzo. Zawadi kutoka kwa ndugu aliye nchi nyingine nayo inaweza kugoma, kama bei za nchi hizo mbili zimeachana sana.

Xbox pia ina kikomo cha miezi 3. Kwenye konsoli (mashine yenyewe ya kuchezea gemu), fungua mipangilio ya mfumo, nenda kwenye lugha na mahali, chagua nchi, kisha iwashe upya. Hapa salio halihami, kwa hiyo limalize kwanza.

Nintendo wao nchi inabadilishwa kwenye tovuti ya akaunti, na gemu ulizonunua zinabaki zako. Salio likiwepo, utazuiwa. Njia ya kulimaliza ni kuchagua gemu inayolizidi kidogo bei na kuongezea tofauti kwa kadi, badala ya kuacha chenji inayokwama. Kwa Japani kuna la ziada: tangu Machi 25, 2025, duka la Nintendo la huko halipokei kadi za benki zilizotolewa nje ya Japani wala PayPal iliyofunguliwa nje. Vocha za yen ndizo zinazobaki kuwa mkombozi wa mgeni. Na ukiona huko konsoli ya Nintendo Switch 2 ya bei nafuu, ile iliyotoka mwaka 2025 kwa yen 49,980, ukadhani umeokota, soma boksi vizuri. Hiyo ina Kijapani pekee na inakubali akaunti za Nintendo zilizosajiliwa Japani tu. Ya lugha nyingi ilitoka kwa yen 69,980.

PlayStation ndiyo yenye kichwa kigumu, kwa sababu nchi ya akaunti haibadilishwi kabisa. Ukitaka duka la nchi mpya, unafungua akaunti nyingine, na hiyo inaanza bila vikombe (tuzo unazopata ukicheza) wala hatua ulizohifadhi kwenye gemu. Nafuu ipo: weka akaunti zote mbili kwenye konsoli moja, kisha kwenye akaunti ya zamani washa kipengele cha kushiriki konsoli na kucheza bila mtandao. Akaunti mpya itacheza gemu zote za ile ya zamani. Kwa PS5 kipengele hicho kinawashwa kwenye konsoli moja tu kwa kila akaunti, kwa hiyo kizime kwenye ile uliyoiacha nyumbani.

Ukiamua kubaki na akaunti ya zamani, nunua vocha za nchi yake. Soma jina la nchi kwenye vocha, usiishie kwenye sarafu, maana yuro inatumiwa na nchi nyingi. Wenye diski nao wajihadhari: nyongeza ya kupakua (sehemu ya ziada ya gemu inayouzwa kando) lazima itoke kwenye duka la eneo lile lile la diski. Ukinunua diski ugenini ukapakua nyongeza kwa akaunti ya kwenu, unaweza kulipia kitu ambacho gemu haikioni. Kwa PlayStation, linganisha namba ya diski na ya nyongeza, zinazoanza na CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5.

Kadi ikikataliwa, usiirudie rudie. Mifumo ya kuzuia wizi huona majaribio mengi ya mfululizo kama dalili mbaya. Mara nyingi anwani ya malipo uliyojaza hailingani na iliyoko benki, au benki imetuma namba ya uthibitisho kwenye laini uliyoiacha kwenye droo. Kabla ya kuondoka, hamishia uthibitisho kwenye programu ya benki, au hakikisha laini itapokea ujumbe ukiwa nje. Ukitumia kadi ya nyumbani, hesabu pia makato ya kubadilisha fedha, ambayo yanaweza kula ofa yote.

Kwenye kupakua, gemu ya GB 100 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde inachukua kama saa 22. Steam inakuruhusu kuchagua seva iliyo karibu, na kama mwenzako wa chumba anayo gemu hiyo, kompyuta zenu zinaweza kurushiana mafaili bila kugusa bando.

Lugha iangalie kabla ya kulipa, kwani toleo la eneo jingine linaweza kukosa unayoijua. Steam itakurudishia hela ndani ya siku 14 kama hujacheza kufikia saa 2. PlayStation nayo inatoa siku 14, ila upakuaji ukianza tu, haki hiyo imekwisha. Zima upakuaji wa moja kwa moja kabla ya kubonyeza kununua.