Haiba ya Baba Mkubwa

Mwaka 2009, usiku wa kuamkia mazishi ya baba yangu mkubwa, niliachiwa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Nilikaa sebuleni kwake, Majengo mjini Moshi, huku uani kina mama wakiendelea kupika, nikaandika kwamba alikuwa mtanashati. Sikuona neno lingine la kumfaa mtu ambaye hakuvuka kizingiti chake bila koti, ingawa makoti yenyewe aliyachagua katika mitumba ya Kiboriloni, kisha akayapeleka kwa fundi kupunguzwa mabega hadi yakamkaa kana kwamba yalishonwa kwa kipimo chake.

Nilimsomea jirani yake, mzee mzaliwa wa Pangani aliyekuwa akifundisha madrasa mtaani hapo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, utanashati ni nguo na usafi, na nguo zake mtazigawana matanga yakiisha. Baba yako alikuwa na haiba."

Mimi nilijua haiba kuwa ni uzuri wa sura. Alinieleza kwamba katika Kiarabu, lilikotoka neno hilo, hayba ni ile hofu yenye staha inayomshika mtu mbele ya anayemheshimu, na kwamba kitenzi chake kina maana ya kuogopa. Kiswahili kimeipunguza hofu, kikauacha mvuto. Hapo nikamwona baba mkubwa akiingia kwenye kibanda cha kahawa, vijana waliokuwa wakitukanana wakinyamaza ghafla, ilhali hakuwahi kumkemea yeyote kati yao, na kabla hajaketi wameshaanza kucheka naye. (Baadaye nilisoma kwamba hata debonair, neno la Waingereza la kumsifu mtanashati, lilitokana na Kifaransa cha kale, de bon aire, yaani mtu wa asili njema, nalo lilianzia katika nasaba na tabia kabla ya kufika kwenye mavazi na madaha.)

Niliandika haiba, lakini mtanashati sikulifuta. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu anayepiga pasi koti la mitumba kila alfajiri anawaheshimu watu atakaokutana nao. Nilipomrudishia mzee karatasi, aliyasoma maneno yote mawili polepole, akaniomba tu nitangulize haiba.