Elfu sitini kabla ya mvua

Nyumbani kwetu Kapchorwa, kwenye mlima Elgon mashariki mwa Uganda, mvua ikishashika mwezi wa 3 au wa 4, haiachii mpaka mwezi wa 10. Katikati yake, mwezi wa 6 hadi wa 8, ukungu wa Elgon hushuka alfajiri na kukaa hadi saa 4 asubuhi. Nguo hazikauki, kuni zinafuka moshi, mahindi yanaota ukungu kwenye gunia. Anayeishi kwenye nyumba ya miti na udongo yenye bati kuukuu hujiandaa Februari na Machi, au hateseki peke yake: wanateseka na watoto.

Mwaka 2010 tuliufikia mwezi wa 3 nyumba ikiwa bado haijakarabatiwa. Karo ya muhula wa kwanza ilikuwa imekwisha kulipwa, na pesa ya kahawa iliyobaki kwa Mama ilikuwa shilingi 60,000. Kisha jioni ya tarehe 1 Machi mlima ukaporomoka Nametsi, kule Bududa, ukafukia kijiji na soko lake, mamia ya watu wakapotea. Bududa iko upande mwingine wa mlima, lakini redio ilipotangaza, kila mwenye nyumba mtelemkoni alitoka kutazama ardhi iliyo nyuma ya nyumba yake.

Mama alikusudia kununua mablanketi. Tulikuwa wanne, mablanketi mawili, na yote yamechakaa. Mjomba, ambaye alikuwa amefanya ufundi wa mapaa Mbale kwa miaka mingi, alikuja kumwona dada yake, akazunguka nyumba mara moja, akakaa.

"Dada, blanketi ni la mwisho. Kwanza maji ya chini, halafu maji ya juu, halafu ukuta. Watoto wakilala pakavu, hata shuka mbili zinatosha."

Mama hakufurahi, ila alimsikiliza. Nami hadi leo nasimama upande wa mjomba. Blanketi zito katika chumba chenye unyevu hunyonya ule unyevu. Baada ya wiki chache linanuka uvundo na halipashi joto tena. Pesa ndogo ikianzia kwenye blanketi, mvua inaila yote.

Kabla ya kushika jembe mjomba alipanda mtelemko mzima juu ya nyumba, kupitia kahawa na migomba, akitafuta mambo matatu: ufa uliopinda kama mwezi mwandamo, miti iliyoinama yote upande mmoja, na chemchemi mahali ambapo hapakuwa na maji zamani. Angekuta hata moja, alisema, tusingepiga msumari; tungehama kwanza. Hakukuta.

Mtaro wa zamani ulikuwapo, umejaa udongo na majani, umepita karibu kabisa na ukuta. Hakuufukua. Mtaro ulioshikana na ukuta hulowesha msingi uliotakiwa kuuokoa. Aliufukia, akachora mwingine mita 2 kutoka ukutani, kina sentimita 45, upana 40 kwa juu na 30 kwa chini. Kingo zilazwe kidogo, kwa sababu zikisimama wima zinabomoka kwa mvua ya kwanza. Udongo uliotoka ulitupwa upande wa nyumba na kushindiliwa kwa miguu, ukawa tuta la kuzuia maji yatakayozidi.

Kipimo cha kushuka kilikuwa mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, wa kuazima. Mtu mmoja anashika ncha huku, mwingine kule. Maji ndani ya mpira yanasimama usawa mmoja pande zote, basi unapima kutoka hapo hadi chini ya mtaro. Kila mita 10 chini ishuke sentimita 10 hadi 15. Ikishuka sana, maji yanakimbia na kuchimba; ikishuka kidogo mno, tope linatuama na mtaro unajaa.

Hapa ndipo wengi kwetu wanapokosea, na ni jambo linaloweza kuua. Shambani tumefundishwa kuchimba mitaro ya kontua, inayokata mtelemko kwa usawa na isiyo na mlango wa kutokea maji, ili maji yasimame na kuzama taratibu kwenye mizizi. Ni nzuri kwa kahawa kwenye mtelemko wa wastani. Juu ya nyumba, kwenye mtelemko mkali, ni hatari: maji yanayozama yanauongezea udongo uzito na kuulainisha, na ndivyo mteremko unavyokatika. Mtaro wa nyumba lazima uwe na mlango. Wetu ulitokea kwenye korongo la kando, na pale maji yalipoangukia tulipanga mawe makubwa, madogo yakijaza nafasi, ili yasichimbe shimo. Juu ya mtaro tukapanda mabingobingo, nyasi ndefu ambazo mizizi yake hushika udongo. Kazi hiyo yote haikugharimu shilingi.

Paa lilikula pesa. Tone linaloanguka ndani halisemi tundu liko wapi, maana maji huteleza chini ya bati mpaka yakutane na mbao, ndipo yanadondoka, pengine hatua mbili mbali na yalikoingilia. Kwa hiyo mchana wa jua kali tulifunga mlango na madirisha, tukatazama juu gizani. Kila kitone cha mwanga tulikichomeka bua la nyasi kavu kutoka ndani, likachomoza juu. Mjomba alipopanda aliyaona mabua yamesimama juu ya bati, akajua pa kwenda. Alikanyaga tu palipo na mstari wa misumari, kwa sababu chini yake kuna mbao; ukikanyaga katikati, bati kuukuu linabonyea na unajitengenezea tundu jipya.

Mengi yalikuwa matundu ya misumari. Bati hutanuka kwa jua na kujikunja kwa baridi, kila siku, na mwishowe msumari unalegea. Kuupiga tena palepale ni kazi ya bure, kwani mbao imekwisha kuoza kuzunguka tundu. Aliung'oa, akapiga mpya sentimita 5 pembeni juu ya mbao ileile, kwenye mgongo wa bati wala si kwenye bonde linalopitisha maji. Kila msumari ulivaa kipande cha mpira cha sentimita 3, kilichokatwa kutoka tyubu ya lori tuliyopewa na fundi wa matairi. Alikitoboa kwanza kwa msumari mwembamba, ili msumari wa bati ukipita, mpira ubane shingo yake. Pigo la mwisho likawa dogo. Mpira ukichungulia kidogo pembeni ya kichwa cha msumari, inatosha. Ukizidisha, mpira unakatika na bati linaingia ndani, maji yanakaa hapo.

Matundu yaliyobaki wazi yalizibwa kwa lami na kitambaa cha pamba. Kutu ilikwanguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, na bati likaachwa likauke kabisa, maana lami haishiki penye unyevu. Lami iliyeyushwa kwenye kopo, nje, mbali na nyumba. Ikianza kutoa moshi mzito imezidi moto, na itakuja kupasuka ikipoa. Kitambaa kilizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, kikachovywa, kikabandikwa, kikapakwa tena juu. Kona moja ya jikoni ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba kidole kilipenya. Hapo hakukuwa na kiraka cha kusaidia. Likanunuliwa bati moja jipya, shilingi 21,000. Liliingizwa chini ya bati la juu yake na kulala juu ya lile la chini, ili maji yasirudi ndani.

Ukuta ulikuwa kazi ya Mama, na aliujua kuliko mjomba. Debe 3 za udongo mwekundu wa mfinyanzi, debe 1 ya mchanga, debe 1 ya kinyesi kibichi cha ng'ombe, na nyasi kavu zilizokatwa vipande vya kidole. Kabla ya kuchanganya kingi alitengeneza vidonge vitatu vyenye mchanga tofauti, akaviacha kivulini hadi vikauke. Kinachopasuka kinadai mchanga. Kinachomeng'enyeka kwa kidole kimezidishiwa. Mchanganyiko ulikanyagwa, ukafunikwa ukalala, ukakanyagwa tena. Nyufa zilijazwa kwanza kwa udongo mgumu, ukisukumwa kwa nguvu hadi ndani. Ukuta ulinyunyiziwa maji kabla ya kupakwa, kwa kuwa udongo mbichi juu ya vumbi kavu hubanduka kama ganda. Tabaka la kwanza sentimita moja na nusu, likachorwachorwa likiwa bichi. La pili jembamba, la kusugua kwa kiganja.

Jirani alishauri sehemu ya chini ipakwe saruji. Mama alikataa, naye alikuwa sahihi. Saruji ni ngumu, udongo unacheza. Ufa ukitokea maji yanaingia nyuma ya saruji, hayapati pa kutokea, na udongo ndani unakuwa tope wakati nje panaonekana pazima. Badala yake tulitandaza kokoto upana wa sentimita 30 kuzunguka nyumba, pale matone ya bati yanapoangukia, ili yasirushe tope ukutani.

Mahindi yalikuwa magunia matatu yaliyobaki tangu mavuno. Unyevu wa nafaka unapimika bila mashine. Chukua chupa ya soda iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi iliyokaushwa juani au motoni. Tikisa vizuri, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Ikirudi chini yote, yanaweza kuwekwa. Chupa yenyewe ikiwa na unyevu jibu ni la uongo. Gunia moja lilinata. Lilimwagwa juu ya turubai, likaanikwa kabla mvua haijafunga, likapimwa tena. Ukungu wa mahindi si wa kuosha: una sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu huo, na kupika posho (ugali) hakuiondoi. Magunia yalikaa juu ya magogo, sentimita 20 kutoka sakafuni, yasiguse ukuta.

Kuni tulikuwa tumechelewa. Kalitunsi (mkaratusi) iliyokatwa Machi haikauki tena msimu huo. Tulitumia matawi ya kahawa yaliyopogolewa na magunzi, yakapangwa chini ya upenu juu ya miti miwili, kila upande upepo upite. Usiku Mama alitoa jiko la makaa nje kabla hatujalala, hata baridi iwe kali namna gani. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu wala moshi, na mtu haamki. Kila mwenye watoto mlimani anapaswa kulishika hili.

Misumari ilichukua 9,000 na lami 8,000. Pamoja na bati, zikabaki 22,000. Kwa hizo Mama alienda sokoni kwenye mivumba (mitumba) akarudi na mablanketi mawili ya 16,000, na kwa 6,000 zilizobaki sweta na soksi. Aliyaanika juani siku nzima, akayapiga kwa fimbo, kabla hajaturuhusu kuyagusa.

Mvua kubwa zilipokuja, sehemu moja ya paa bado ilivuja, kwenye kofia ya juu ambako bua halikufika. Mjomba aliiziba lilipotoka jua la siku mbili. Mtaro ulidai zaidi. Kila baada ya mvua nzito ulileta udongo na magome ya migomba, na hayo yakiachwa mlangoni maji yanapanda tuta. Kwa hiyo Mama aliweka jembe nyuma ya mlango wa jikoni, na aliyeamka wa kwanza ndiye aliyepita kuufukua mlango wa mtaro kabla ya chai.