Walitaka Supu, Hawakutaka Kiti

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno la juma hili ni Wagalatia 2:11–14, pale Paulo anapomkabili Petro ana kwa ana kule Antiokia. Someni kwa nafasi yenu. Zamu ya kuandika imeniangukia mimi, na mimi naanzia kwenye bakuli la supu, mtanivumilia.

Alhamisi jioni nilikuwa Jongno, katikati ya Seoul, kwenye kichochoro nyuma ya barabara kubwa, ndani ya mgahawa wa seolleongtang. Kwa mlio nyumbani ambao hamjaijua, hiyo ni supu ya mifupa ya ng'ombe. Si mgahawa wa kwenda kupigia picha. Meza kumi hivi, jagi la maji, boksi la tishu. Vijiko na vijiti vimo kwenye droo iliyo ubavuni mwa meza, unajichukulia. Mhudumu ni mama wa makamo, na wateja wote wanamwita "imo", yaani dada wa mama. Kwetu angekuwa mama mdogo. Unaita "imo!" naye anakuja, hata kama wewe ni mweusi kama mimi na wajomba zako wote wako Mbozi.

Supu yenyewe haina mbwembwe. Mifupa hulowekwa kwenye maji baridi ili damu itoke. Huchemshwa mara ya kwanza, yale maji yote yakamwagwa pamoja na povu lake, mifupa ikaoshwa. Ndipo inarudi jikoni kuchemka saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, mpaka uboho na mafuta vimeingia kwenye maji yakawa meupe kama maziwa. Maziwa hamna humo. Inaletwa ikitokota kwenye bakuli la udongo, na vipande vichache vya nyama nyembamba, na tambi kidogo zimejificha chini. Wali unakuja peke yake kwenye kibakuli cha chuma chenye mfuniko.

Na haina chumvi. Hata chembe. Chumvi iko mezani, pembeni ya majani ya vitunguu yaliyokatwakatwa, kila mtu ajikolezee. Mtu aliyekulia kwenye supu ya makongoro na ndimu yake na pilipili yake, siku ya kwanza anaamini kabisa kwamba mpishi amesahau.

Sasa niwaambie nilifikaje pale, maana sikutaka kwenda.

Mnakumbuka mchango wa msiba mwezi wa tatu. Nilituma won 50,000. Usiku orodha ikawekwa kwenye kundi, nikaipitia mara mbili, jina langu halimo. Majina ya watu waliotoa 10,000 yamo. La mtu aliyeahidi tu limo, na mabano yake. Langu hamna. Sikuuliza. Niliweka dole gumba kwenye ile orodha kama mtu mwenye amani, nikazima simu, nikalala na hasira mpaka asubuhi.

Tangu hapo nimekuwa nikiabudu nanyi kwa Zoom. Nilisema ni zamu za kazini, na wiki mbili za mwanzo ilikuwa kweli. Zilizofuata nilikuwa kitandani, kamera imezimwa, nasikiliza mahubiri huku nakunja nguo. Sadaka natuma. Mistari ya asubuhi natuma, tena mizuri. Nikiulizwa moyoni, najijibu kwamba aliye kando haangukiwi na mti.

Jumatano dada yetu mweka hazina akaniandikia maneno mawili: "Kaka, umekula?" Wakorea ndivyo wanavyosalimiana, wanaulizana kama umekula, na yeye amekaa huku miaka mingi mpaka salamu hiyo imemwingia. Nilitaka kujibu kwamba niko bize. Lakini nilikuwa sijala, tukapanga tuonane Alhamisi. Mtu mwenye njaa kudanganya kuhusu chakula ni kazi ngumu.

Nilifika mapema, na mgahawani meza zote zilikuwa zimejaa. Nikazunguka kidogo hadi Insadong, nikatokea kwenye lango la Kanisa la Seungdong. Ni jengo la matofali mekundu ndani ya kichochoro, unaweza kulipita usilione. Habari za kanisa hili niliwahi kuzisoma mwaka wangu wa kwanza huku, nikazifurahia kama mtu anavyofurahia hadithi ya watu wengine. Safari hii zilinikaa vibaya.

Zamani za Joseon, ufalme uliotawala Korea, wachinjaji wa ng'ombe waliitwa baekjeong, na walikuwa chini ya kila mtu. Mchinjaji mzee alimwinamia mtoto wa watu. Kofia ile nyeusi ya manyoya ya farasi, waliyovaa wanaume wenye heshima, yeye hakuruhusiwa kuivaa. Nyama yake ililiwa, yeye alikaa mbali. Mmoja wao, Park Seong-chun, aliugua homa kali mwaka 1894. Mmisionari Mmarekani, Samuel Moore, akamletea daktari, na daktari mwenyewe alikuwa Oliver Avison, tabibu wa mfalme Gojong. Mkono uliompima mfalme ukampima mchinjaji, tena si mara moja. Park akapona, akaamini, akabatizwa mwaka 1895.

Hapo ndipo shida ilipoanza, ndani ya kanisa, siyo nje. Wakuu, wale waliojiita yangban, walikuwa waumini katika kanisa hilohilo la Moore. Wakasema hawawezi kuketi na mchinjaji. Na angalieni walichoomba: hawakuomba afukuzwe. Waliomba wao wawekewe viti vya mbele, peke yao, na hao wengine wakae nyuma. Ni ombi la kistaarabu kabisa. Yakobo aliliandika neno kwa neno katika sura ya pili, tena akatuambia tunakuwa waamuzi wenye mawazo mabaya. Moore akakataa. Wakuu wakaondoka, wakaanzisha kanisa lao. Miaka kama mitatu watu wa mji mmoja waliabudu mbalimbali kwa sababu ya mahali pa kukalia, ndipo mwaka 1898 wakarudiana.

Mwaka huohuo, mwezi wa kumi, Park alisimama kwenye mkutano mkubwa wa hadhara hapa Seoul, yeye ambaye miaka michache nyuma hakuruhusiwa hata kofia. Akawaambia watu habari ya turubai la kivuli: ukiliinua kwa mti mmoja halisimami, ukiunganisha miti mingi linakuwa imara. Baadaye kanisa likamfanya mzee wake. Mwanawe, Park Seo-yang, alikuwa katika kundi la kwanza la madaktari saba waliohitimu hapa mwaka 1908.

Na supu inaingia hapa. Seolleongtang ina hadithi ya heshima, kwamba ilitoka kwenye madhabahu ya Seonnongdan, upande wa mashariki wa mji, ambako mfalme alikuja majira ya kuchipua kuombea mavuno na kushika jembe la ng'ombe kwa mkono wake, kisha watu wakapikiwa supu. Wengine wanasema jina limetoka kwa Wamongolia. Hayo tuwaachie wenyewe. Lakini miaka ya 1920 na 1930, supu hii ilipokuwa chakula cha kila mtu mjini, mengi ya maduka yake yalikuwa ya watu wa ukoo wa wachinjaji. Nani mwingine alikuwa na mifupa? Sasa mkuu ananusa supu, anaitamani, lakini akiingia ataonekana ameketi benchi moja na nani? Basi anaagiza aletewe nyumbani. Kijana anapanda baiskeli, sinia la mabakuli begani, anakata mitaa. Huku, kuletewa chakula nyumbani siyo jambo la leo.

Walitaka supu, hawakutaka kiti.

Nilisimama mbele ya lile lango nikahesabu. Machi, Aprili, Mei, Juni. Jumapili kumi na tano nimekuwa nikiagiza niletewe nyumbani. Neno nalitaka, nyimbo nazitaka, maombi yenu mama alipolazwa niliyataka sana, mkaniombea. Lakini kukaa kwenye kile chumba cha chini, tukila pamoja baada ya ibada, bega kwa bega na mtu aliyeniacha nje ya orodha, hapana.

Petro naye hakuacha imani kule Antiokia. Sijui kama mmewahi kuliona hilo. Paulo hamshtaki kwa kuhubiri uongo. Alikuwa akila na watu wa Mataifa vizuri tu, wageni Wayahudi wakaja kutoka kwa Yakobo, akaanza kurudi nyuma, akajitenga. Kosa lote lilikuwa la meza. Aliinuka mahali akakaa pengine. Labda alisema ana zamu. Na Barnaba, mtu mwema yule, naye akachukuliwa, maana kiti kikibaki wazi watu wanakiona, wanaanza kujiuliza kama na wao wahame. Paulo anasema hawaendi sawasawa na kweli ya Injili. Injili nzima, kwa sababu ya sahani! Nilikuwa naona amezidisha.

Dada alikuwa amekwisha kaa. Tukasalimiana kama watu wa ubalozini. Imo akaleta mabakuli mawili, na mtungi wa figili zilizochachushwa kwa pilipili, vipande vya mraba, na kimchi ya kabichi ambayo haijakatwa, na mkasi juu yake. Nikachota chumvi kabla sijaonja. Kijiko, na nusu. Dada akaniangalia tu. Nikala figili, ambayo nayo ina chumvi yake, nikarudi kwenye supu, na supu ikawa hailiki. Nikainamisha kichwa nikaendelea kula kwa kiburi. Imo alikuwa anapita na birika. Hakuuliza. Aliangalia uso wangu, akamimina mchuzi mweupe usio na chumvi mpaka ukingoni, akasema kitu ambacho sikukielewa, meza ya jirani wakacheka, akaenda zake.

Hapo dada akatoa simu. Akanionyesha ile orodha, ileile. Akaivuta mpaka chini kabisa, chini ya jumla, chini ya aya ya shukrani, mahali ambapo mimi sikuwahi kufika. Mstari wa mwisho uliandikwa: "Mpendwa ambaye jina halikusomeka benki, 50,000. Mungu anamfahamu."

Benki za huku zinayakata majina yetu marefu. Yangu ilikuwa imetoa herufi chache za jina la babu, ambalo hapa hakuna mtu ananijua kwalo. Dada amekuwa akiuliza watu kimyakimya tangu mwezi wa tatu, mmoja mmoja, asimwaibishe mtu. Mimi hakuniuliza kwa sababu niliweka dole gumba. Alidhani nimeona yote yako sawa.

"Sasa kwa nini hukuniambia, kaka?"

Sikuwa na jibu linalofaa mtu mzima. Mzee mmoja meza ya pembeni, aliyekuwa anakula peke yake, alikuwa akimimina maji mekundu ya figili kwenye supu yake, taratibu, ikageuka rangi ya waridi. Nikamwangalia yeye mpaka macho yangu yakatulia. Kisha nikachukua mkasi, nikavuta kimchi, nikaikata vipande vidogo, nikasogeza sahani upande wa dada kwanza.

Tuligombania kulipa pale mlangoni kama wenyeji wanavyofanya, kila mtu na kadi yake mkononi. Imo akachukua ya dada, mimi akanirudisha nyuma kwa kiwiko.

Jumapili hii nakuja. Nitatokea stesheni ya Jongno 3-ga saa tano kasoro. Anayekuja mapema aniwekee kiti, popote tu, na yule anayepika aniambie nilete nini.

Tuombe.

Baba, umetuita mezani kwako tukiwa hatujanawa mikono. Wale ambao wiki hii wanasikiliza wakiwa wamelala, kamera zimezimwa, unawajua majina yao hata yale yanayokatwa benki. Watumie mtu wa kuwauliza kama wamekula. Amina.