Nilimjibia Baba

Leo ni siku ya nne na bado naisikia sauti yangu ikisema, "Hapana, hajawahi." Niliyasema Jumamosi asubuhi juu ya barafu ya bwawa la Dillon, huku Colorado, Marekani, upepo ukinipiga mgongoni, naye Baba ameketi hatua mbili kutoka nilipo, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mengine ya wiki hii yanastahili kurasa zake. Jana niliapa uraia, na baada ya miaka sita ya zamu za usiku hatimaye nimepewa zamu ya mchana. Nitayaandika nikiweza.

Shemeji ndiye aliyetupeleka, na mnamjua shemeji, akipenda kitu lazima ukoo mzima ukione. Tulitoka Aurora saa kumi alfajiri, Baba amevaa makoti mawili na ile kofia ya sufu aliyofumiwa na Mama. Shemeji alikuwa amemkatia leseni ya uvuvi ya siku moja. Ukingoni mwa bwawa barafu ilikuwa imepasuka na kulala upande, kwa kuwa kipupwe maji hushuka na barafu ya kando hubaki haina cha kuiegemea. Pale tulipita mmoja mmoja. Mbele kidogo ikawa imara. Shemeji akazungusha keekee mpaka maji yakabubujika kwenye shimo la upana wa sahani, akapima: sentimita 35. Mtu kutembea, 10 zinatosha. Jua lilipochomoza barafu ikaanza kunguruma chini yetu, sauti ndefu inayokimbia hadi ng'ambo. Kijana wangu alinishika mkono. Baba aliinamisha kichwa, akaisikiliza hadi ikaisha.

Basi akaja Mzungu mmoja wa makamo kutoka shimo la jirani, mtu mpole, ametuletea chambo cha ziada. Akamtazama Baba, akauliza kwa Kiingereza: "Mzee amewahi kuvua trauti?"

Baba alivuta pumzi ya kujibu. Niliiona. Nami nikasema, "Hapana, hajawahi. Kwetu hakuna barafu."

Baba anajua Kiingereza. Amekuwa karani wa ushirika wa kahawa miaka thelathini, ameandika barua nyingi za Kiingereza kuliko mimi. Alimtabasamia yule mtu, akarudisha macho shimoni.

Nimeyarudia mazungumzo yale nikiosha vyombo, nikiendesha gari, hata jana nilipoinua mkono wa kulia kuapa. Katika marudio mengine nanyamaza, yeye anajibu. Katika mengine namgeukia na kumuuliza, "Baba, umewahi?" Lile swali lilikuwa lake, nami nikalichukua mbele ya mjukuu wake, nikalijibu vibaya.

Maana alikuwa amewahi.

Saa mbili na nusu ncha ya ufito wake ilitikisika. Shemeji akapiga kelele, "Vuta, Baba, vuta!" Baba hakuvuta. Alingoja itikisike mara ya pili, akakunja kifundo cha mkono kidogo tu, kisha akavua glavu na kuuvuta mshipi kwa vidole vyake. Alipotoka samaki, mwenye mkanda wa waridi ubavuni, Baba alimgeuza huku na huku, akasema, "Huyu si yule wa Gura. Yule ana madoa mekundu."

"Guka, Gura ni nini?" kijana akamuuliza babu yake.

Ndipo akasimulia. Hakunisimulia mimi, alimsimulia kijana, nami nikasikia kwa kuwa nilikuwepo. Mwaka 1967, akiwa na miaka kumi na sita, alikuwa akiwabebea mizigo wavuvi wa kigeni kwenye mto Gura, kule milima ya Nyandarua, Kenya. Trauti si wenyeji wa mto ule. Waliletwa na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905 kutoka Scotland. Siku moja mvuvi mmoja alimwachia ufito mchana mzima, akapata wawili. Alikimbia nao hadi nyumbani, na mama yake akamzuia mlangoni. Wazee wetu hawakula samaki. Kwao alikuwa jamaa ya nyoka. Akawazika nyuma ya boma, na hakulitaja tena jambo hilo nyumbani kwetu.

Nina miaka arobaini na mmoja na sijawahi kumuuliza alifanya nini kabla ya ushirika.

Njiani kurudi nilimweleza kwamba bwawa lile lilikamilika mwaka 1963, na kwamba maji yake hupita kwenye handaki la kilomita 37 chini ya milima ili watu wa Denver wanywe. "Kama bwawa la Ndakaini na Nairobi," akasema. Nikamwambia mji wa zamani wa Dillon ilibidi uhamishwe, maana ulikuwa pale pale ambapo sasa ni maji. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Wenyewe waliulizwa?" Mikono yangu ilikaza usukani.

Lakini jioni ile! Laiti mngeiona. Baba alisimama kwenye sinki langu, mikono ya shati imekunjwa, kijana juu ya kigoda kando yake. Akamwonyesha pa kuanzia kisu na jinsi ya kung'oa matamvua, kisha jinsi ya kupitisha ukucha wa kidole gumba kando ya uti wa mgongo ili ile damu nyeusi itoke yote. Wakapasua tumbo la samaki kuona alikula nini, wakakuta vijidudu vidogo vyeusi, na kijana akavipanga kwenye sahani akivihesabu. Tulikula na ugali. Baba alichukua kichwa, akakimaliza polepole, akafuta mikono na kusema, "Kumbe ni mtamu." Miaka hamsini na kitu, na hakuwa amemwonja.

Jumapili nilimpelekea chai chumbani. Nikaanza, "Baba, yule mtu wa jana alipokuuliza..." Akasema, "Sukari umeweka?" Nilikuwa nimeweka. Nikaketi naye mpaka kikombe kikaisha.

Gurudumu la nyuma la kushoto linapoteza upepo tena. Kesho natakiwa kazini saa kumi na mbili kamili, siku ya kwanza ya zamu mpya, na pampu ilibaki kwenye gari la shemeji pamoja na keekee.