Nilivyounga kebo ya pampu ya kisima kwa hiti-shrinki

Shamba lenyewe ni la mboga, nje kidogo ya mji wa Arua, Uganda, na pampu yake ya sola ilikuwa na vituko: asubuhi inavuta maji vizuri, jua likipanda inazima, siku nyingine haiwaki kabisa. Mwenye shamba, mzee mmoja mpole, alikuwa amekwisha kuuziwa kidhibiti kipya, lile boksi linaloongoza umeme wa sola kwenda kwenye pampu, na bado shida ni ile ile. Mimi nilichomoa kebo kwenye kidhibiti kwanza, maana ukipiga mega, kile kipimo cha kujua kama umeme unavuja kwenye ganda la waya, huku kidhibiti kimeungwa unaweza kuua vifaa vyake vya ndani, kisha nikapima kwa volti 500 kati ya kila waya na ardhi. Msomo ulikuwa chini ya megaohm 1. Umeme ulikuwa unavujia majini, basi, na hakuna kidhibiti kipya kitakachotibu jambo hilo.

Tukapandisha pampu, mimi na vijana wa shamba, bomba baada ya bomba. Kiungo cha kebo kilikuwa juu tu ya mota, kimezungushiwa tepu nyeusi ya umeme mpaka kimevimba kama ndizi ya gonja. Nilipoipasua, tepu ilifunguka yenyewe, gundi imekuwa ute, na ndani maji yanachuruzika. Shaba ilikuwa imegeuka nyeusi, na weusi ule haukuishia kwenye kiungo. Maji yakishapata mlango hupanda katikati ya nyuzi za waya, ndani ya ganda, kwa hiyo nilikata na kumenya, nikakata tena, hadi nilipoona shaba inayong'aa. Ukiunga kwenye shaba iliyooza, hata ukiifunika kwa dhahabu utarudi kuipandisha.

Tepu siitukani. Ndani ya swichibodi kavu inafaa kabisa. Lakini mahali penye maji au joto kali gundi yake hulainika, na mizunguko mingi haisaidii, kwa sababu maji hupita kati ya mzunguko na mzunguko. Hapo panatakiwa hiti-shrinki, ile mirija ya plastiki inayosinyaa na kubana ukiipiga joto, tena ile yenye gundi ndani.

Mjini Arua niliyoipata ni ile nyembamba ya rangi rangi, inayouzwa kwa mita. Muuzaji akaniambia, "Fundi, hii ndiyo wanayochukua wote." Nilimwomba akate kipande kidogo, nikakipiga kiberiti cha gesi: kikasinyaa vizuri, lakini mdomoni hakikutoa kitu. Yenye gundi huijua hapo hapo, kwa sababu inaposinyaa, pete ya gundi inayong'aa huchungulia pembeni, na hata kabla ya joto ukitazama ndani unaona tabaka la pili. Ile ya rangi huzuia mguso na kupanga nyaya, haizuii maji ya kisima. Nikapiga simu Kampala, mzigo ukaja kwa basi la usiku.

Kuagiza kwa simu kunataka ujue vipimo, na hapa ndipo wengi hubahatisha. Paketi huandikwa namba kama 2:1 au 3:1. Maana yake, mrija wa 2:1 wenye kipenyo cha milimita 9 ukisinyaa wote huishia milimita 4.5, na wa 3:1 huishia milimita 3. Sasa tazama kiungo chenyewe. Waya wangu wa milimita 4 za mraba, pamoja na ganda lake, ulikuwa na kipenyo cha milimita 4 na kidogo. Kifereji cha shaba cha kubania, kile kimrija kinachounganisha ncha mbili za waya, kilikuwa karibu 6. Mrija lazima upite juu ya sehemu nene kabisa bila kung'ang'ania, halafu usinyae hadi chini ya sehemu nyembamba kabisa. Ule 9 wa 2:1 unapita vizuri juu ya kifereji, lakini kwenye ganda la waya unabaki umelegea, na maji yanaingia. Wa 3:1 unapita na unabana. Nikaagiza 9/3.

Mrija wa nje ulinitaka nifikirie zaidi, maana kebo ya mota ilikuwa bapa, upana milimita 18 na unene 7. Kipenyo cha kitu bapa utakipimaje? Mimi huzungusha uzi, nikaupima kwa rula: ulikuwa milimita 44. Gawanya kwa 3.14, unapata 14. Mrija wa 40/13 ukaonekana utabana, japo kwa shida, na gundi ingejaza pembeni. Ungekuwa unaishia 16 ningeukataa.

Jambo jingine la kuulizia ni plastiki yenyewe. Hii nyeusi ya kawaida ni poliolefini, na nyingi huandikwa kwamba hustahimili nyuzi 125. Kisimani maji ni baridi, hiyo ni tele. Ila jirani yangu anayetengeneza malori ya njia ya Kongo huitumia mpaka karibu na ekzosi, na hapo huwa namwambia atafute ya joto kubwa zaidi, kama ya silikoni. Ya PVC ni rahisi kwa bei lakini hustahimili joto kidogo, na nikikuta haikuandikwa kitu chochote siinunui.

Kazi yenyewe tuliifanya chini ya mwembe. Kabla ya kuunga chochote, mirija yote iingie kwenye kebo: ule mkubwa kwanza, usukumwe mbali, kisha midogo kwenye kila waya. Nyaya nilizikata urefu tofauti, huu mfupi, ule mrefu, ili viungo vipishane, visikae bega kwa bega vikatengeneza uvimbe. Vifereji vya shaba nikavibana kwa koleo lenye meno ya kufunga, lile lisiloachia mpaka libane sawasawa, na kila waya nikauvuta kwa nguvu. Hiti-shrinki haishiki waya. Kiungo kilicholegea kitapata moto ndani ya mrija mzuri kabisa.

Nilipiga msasa mwepesi kwenye ganda la kebo na kulifuta kwa spiriti, kwa sababu kebo iliyotoka kisimani ina utelezi na gundi haishiki utelezi. Mrija nilikata kwa kisu kipya, mdomo uwe laini. Ukiacha hata mkato mdogo pembeni, mrija ukisinyaa hupasukia hapo hapo. Nilikata mrefu kiasi cha kulala sentimita 5 juu ya ganda kila upande, maana husinyaa kidogo kwa urefu pia.

Hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, haikuwepo, tulitumia tochi ya gesi. Moto wa njano una masizi, kwa hiyo nauweka wa bluu, kwa mbali, na mkono hautulii. Naanza katikati, nazunguka pande zote, kisha naenda upande mmoja hadi mwisho, narudi katikati naenda upande wa pili. Hewa hutoka mbele ya moto. Ukianza pembeni zote mbili unaifungia ndani, na utaona kiputo. Mrija ukianza kung'aa, mstari wa gundi ukachungulia kote kwenye mdomo, acha. Tulia upoe bila kuupinda. Kijana mmoja alitaka kuinua kebo ikiwa bado moto, nikamzuia: gundi ikiwa laini inatengana na ganda, na kwa nje hutaona kitu.

Halafu ndoo. Kiungo chote ndani ya maji, ncha za kebo nje, chumvi kidogo, kikalala usiku kucha. Asubuhi nikapiga mega tena, kila waya na maji, kila waya na mwenzake. Mshale ulikwenda mpaka mwisho wa kipimo changu, yaani umeme hauvuji tena. Mzee, ambaye alikuwa amelalamikia bei ya mirija jana yake ("Unaninunulia mpira kwa bei ya mbuzi?"), alikaa kimya, kisha akauliza kama kipande kilichobaki kinaweza kufunga waya wa jenereta yake. Kinaweza, kama kipenyo kinafaa.

Siku hizi sanduku langu lina 40/13, 9/3 na 12/4, zote nyeusi zenye gundi, zote naagiza Kampala. Ile nyembamba ya rangi rangi naendelea kuinunua hapa mjini, kwa mita, kwa ajili ya nyaya za ndani ya boksi la kidhibiti.